Ngumbaru Uwanjani kwa Bibi

Majuzi nilirudi kijijini kwetu Majimoto, na kabla sijafika palipokuwa nyumbani nikasimama sokoni kusikiliza ugomvi. Mama mmoja alikuwa anamfokea mkwe wake mbele ya magunia ya mchele. Mkwe amebetua midomo, anapepeta tu kwa nguvu mpaka pumba zinamrukia mama mkwe usoni. Watu walipita wakitikisa vichwa. Mimi, rafiki yangu, machozi yalinilengalenga. Nililelewa katikati ya vita kama ile.

Ilikuwa miaka ya tisini. Nyumba zetu zilikuwa mbili, zimetazamana: ya baba na mama, na ya bibi aliyemzaa baba. Katikati kulikuwa na uwanja wa kuanikia mpunga. Nililala kwa bibi na kula kwa mama, kwa hiyo maneno yao yalipita kwangu. "Kamwambie mama yako moshi wake unaniua." "Kamwambie bibi yako upepo siupulizi mimi." Na wote wawili walikuwa wanasikiana vizuri kabisa!

Kosa la mama lilikuwa kuja. Alikuwa Mfipa, tena amemaliza darasa la saba, wakati bibi alikwisha kumchagulia baba binti wa Kipimbwe wa pale pale. Kosa lake la pili nilikuwa mimi, mtoto pekee, halafu wa kike. "Mti wa tunda moja," bibi alikuwa anasema huku akinusa ugoro, "hata ndege hawahangaiki nao."

Basi mwaka mmoja, baada ya mavuno, mama akajitolea kufundisha ngumbaru, darasa la watu wazima. Wanawake wengi pale walikuwa hawajui hata kuandika majina yao. Katekista alikataa kutoa jengo la kigango, kanisa letu dogo, akasema wanawake wakijua kusoma watakuwa vichwa vigumu. Mama akaamua kufundishia uwanjani. Alichukua mbao mbili, akaponda betri kuukuu za redio, akachanganya ule unga mweusi na majani ya maboga, akapaka mpaka ukapatikana ubao. Chaki ilikuwa makopa, vipande vikavu vya muhogo.

"Anaandikia chakula," bibi alisema. "Huko kwao wameshiba sana."

Kilichomchoma si muhogo. Alisikia wanawake wanamwita mkwe wake mwalimu. "Mwalimu wa nani? Wali wenyewe unamshinda!" Kesho yake, jua likiwa bado kali, alitandika mkeka wake mbele ya wote na kunyoosha miguu mpaka ikagusa ubao. Hakuja kusoma. Alikuja kubisha.

Mama aliandika neno baba.

"Hiyo si baba," bibi akasema. "Baba gani ana matumbo mawili?"

"Mama, tusome. Tusitaniane."

"Natania? Huyo baba unayemwandika nimemzaa mimi!"

Wanawake walicheka mpaka watoto mgongoni wakaamka. Mama hakucheka. Alimlipa kwa kumsimamisha mbele kila siku, akimpa maneno magumu, akimrudisha mwanzo kwa kosa dogo. Bibi alitukana, akafuta, akaandika tena. Usiku nilimsikia kitandani akinong'ona silabi kwa hasira, ba, be, bi, kama mtu anayetaja majina ya adui zake.

Sasa, mama alikuwa na kanga moja ya njano aliyoinunua Mpanda mjini miaka mingi nyuma. Aliivaa kila alipogombana na bibi, anapita nayo mbele ya mlango wa bibi, taratibu, mgongo umegeuzwa vizuri. Baba alijua kusoma, na kila akiiona ile kanga alikumbuka ghafla kazi shambani. Bibi alikuwa anaisifu. "Hata kama roho yake mbaya, kanga anajua kuchagua."

Siku hiyo mama aliivaa darasani. Kama alisahau au alikusudia, sijui. Nimemuuliza mara nyingi, anabadilisha mazungumzo. Aligeuka kuandika ubaoni, na nyuma yake sauti ya bibi ikaanza, nzito, silabi kwa silabi.

"Nu-na. U-pa-su-ke. Ha-pa. Si-o-ndo-ki."

Akarudi mwanzo. Halafu akasoma tena, mara hii bila kukata: "Nuna upasuke, hapa siondoki."

Hakuna aliyecheka. Mama alibaki na muhogo hewani. Bibi alikunja mkeka wake, akaingia kwake, akafunga mlango. Jioni alimwita baba na kumwambia achague: huyu mwanamke, au yeye aliyemnyonyesha. Baba aliinamisha kichwa, hakuchagua. Kwa muda mrefu baada ya hapo bibi hakunituma neno lolote kwa mama, na huo ukimya ulinitisha kuliko matusi yote.

Darasa liliendelea bila yeye, mpaka jirani yetu alipokuja na fimbo. Mke wake alikuwa mmoja wa wanafunzi. Alimshika mkono na kumburuta juu ya mikeka, akasema hatalisha mwanamke wa kuandikia wanaume wengine barua. Mama alipomzuia, akamgeukia: "Na wewe Mfipa, mgumba, umekuja kutuharibia kijiji!"

Mlango wa bibi ukafunguka.

"Umemwita nani mgumba?" Alikuja na mchi wa kinu mkononi. "Huyu nina miaka namtukana na bado sijamaliza. Wewe unaanzia wapi? Uwanja huu aliufyeka mume wangu. Toka!"

Jirani alitoka, lakini mke wake aliondoka naye. Hakurudi darasani tena, na tulipokutana kisimani alikuwa anageuza uso. Hasira hiyo bado ninayo. Kila nikimkumbuka, namwona ameshika kopa la muhogo ameandika nusu ya jina lake.

Mama alisema, "Asante, mama."

"Sikukutetea wewe," bibi alijibu. Siku ya soko alikwenda mwenyewe kwa muuza kanga, akazisoma moja moja kwa sauti mpaka mwenye duka akachoka. Alirudi darasani amejifunga nyekundu, akakaa mbele akiwa amempa mama mgongo ili asome vizuri: "Ulinikuta, utaniacha."

Mama alisoma. Nikaona bega lake linatikisika, nikadhani analia. Alikuwa anacheka. Kisha akamsimamisha ubaoni kama kawaida, na wakaanza upya kugombana.

Walipendana? Sidhani. Bibi alifariki masika moja, baada ya homa fupi, na hakuna aliyemwomba mwenzake radhi. Mama alifundisha kidogo tu baada ya msiba. Mchana mmoja aliwaruhusu wanafunzi mapema, akakaa kwenye kinu, mikono mapajani.

"Umechoka?" nikamuuliza.

"Wananikubalia tu," akasema. "Kila nikisema kitu, ndiyo mwalimu."

Uwanja ule leo una nyumba ya bati ya watu nisiowajua. Watoto wao wote wanasoma, na hakuna anayepaza sauti kwa ajili ya neno. Majuzi nilisimama barabarani nikisubiri mtu yeyote afoke. Kulikuwa kimya kabisa.