Mstari wa Ukingoni Sikuupima

Naona haya hata kuanza, lakini acheni niwasimulie mwenyewe kabla hamjasikia kwa watu wa kwetu Bugene, maana kule wananiita Bwana Rada mpaka leo, na hawanisifu.

Kazi yangu ni kupima madaraja. Nasukuma kigari chenye rada juu ya zege, mstari baada ya mstari, kutoka ukingo mpaka ukingo, nacho kinapeleka mawimbi chini na kunionyesha kwenye skrini nondo zilizoliwa na kutu na zege lililoanza kuachana ndani kwa ndani (kwa macho huoni kitu, juu pazuri tu). Siku hiyo nilipangiwa daraja dogo la upande wa Chonyonyo, nyumbani kabisa, nikafika na kizibao changu cha njano na majivuno yangu, nikakuta ukingo wote wa kushoto umetandikwa mikeka, imeanikwa kahawa ya maganda, na anayeigeuza kwa miguu ni mama mdogo wangu, Mama Koku, aliyenilea tangu mama yangu alipofariki.

"Shikamoo mama."

"Marahaba, waitu!" akaitika, yaani "wetu" kwa kilugha chetu. "Kumbe ndiyo kazi yako hii? Pita tu mwanangu, usinikanyagie."

Sasa nimwambie nini? Mtu aliyenilisha, aliyenisomesha, nimwambie ondoa kahawa yako nifanye kazi? Niliona ni utovu wa adabu, nikauruka mstari wa ukingoni, nikapima wa pili mara mbili, kipimo kimoja nikakiandika kuwa ndio wa kwanza. Nani angejua? Jioni nikiwa kwake nashindilia ndizi nikamwambia daraja lenu zima kabisa mama, anika bila wasiwasi.

Wiki iliyofuata ukingo ule ukamegeka akiwa amesimama juu yake. Alianguka mtoni, nyonga ikavunjika.

Nilipofika, yeye ameshapelekwa hospitali, watu wamejaa, na injinia wangu amefungua kompyuta juu ya boneti ya gari. "Mstari wa kwanza na wa pili, mbona mapacha?" akaniuliza, kwa sauti. Nikasema (Mungu anisamehe) mashine ina hitilafu. Basi akaichukua, akaisukuma mwenyewe kwenye kipande cha ukingo kilichobaki, mbele ya kijiji kizima, ikaonyesha ubovu wote waziwazi.

"Kumbe mashine ni nzima," mzee mmoja akasema. "Mgonjwa ni mtu."

Watu wakacheka, halafu wakakumbuka kilichotuleta pale, wakageukia mtoni alipoangukia mama mdogo.

Siku hizi nikikuta kahawa, maharage, hata kanzu za padri zimeanikwa darajani, naamkia kwanza, halafu naomba zitolewe, na zisipotolewa sipimi, nimeapa. Lakini mama mdogo hatembei tena bila magongo. Kule wodini alikuwa akimweleza kila aliyekuja kumjulia hali kwamba mashine ndiyo iliyomdanganya mwanawe, nami nimesimama pale pale nimeshika chupa ya uji. Nilivumilia siku tatu. Ya nne nikapiga magoti kando ya kitanda nikamwambia kweli yote. Hakukasirika, na afadhali angekasirika.

"Ile mikeka ningeikunja mara moja tu, waitu," akasema. "Mbona hukuniambia?"