Pua ya Baba Mdogo

"Visiwa, visiwa, kila siku visiwa! Watalii wako hao wamekula akili yako yote. Maharage yanaungua na wewe umekaa pembeni yake kama gunia!"

Mama mdogo alisimama mlangoni pa jikoni, sufuria mkononi, ameishika kwa kitambaa. Moshi ulikuwa unafuka utadhani ameitoa kwenye tanuri. Mimi nilikuwa kwenye kochi, nimeamshwa na kelele hizo, siku yangu ya mapumziko, nimekuja kwao kwa ajili ya hayo hayo maharage.

"Nilikuwa nafikiria kazi," baba mdogo akasema, akavuta kamasi.

"Kazi gani? Nimekuomba kitu kimoja tu, uangalie sufuria nikianika nguo. Jirani wa nyumba ya tatu kaja mbio kuuliza nani anachoma godoro. Nyumba ya tatu! Wewe uko hatua mbili na jiko. Pua unayojisifia nayo mtaa mzima iko wapi leo?"

Baba mdogo akagusa pua yake.

Nilimwona akibadilika. Alimfuata mama mdogo, akaishika ile sufuria kwa mikono mitupu bila kujali moto, akaingiza uso ndani. Akavuta. Akavuta tena. Akainua kichwa, macho yamemtoka, masizi kwenye ncha ya pua, na wala hakuna aliyecheka.

"Sisikii kitu," akasema. "Hata kidogo."

"Ni mafua tu hayo," mama mdogo akasema. "Tangu jana unapiga chafya."

"Nimejaza mitungi kumi na miwili asubuhi hii."

Mama mdogo akaweka sufuria chini taratibu. Binti yao alikuwa baharini na hiyo mitungi.

Ngoja nieleze, maana mtu asiyemjua baba mdogo anaweza kudhani kachanganyikiwa. Kwetu kuna visiwa saba, vimejipanga baharini kama vifungo vya shati. Watu wanapanda ndege kutoka mbali kuja kuona kasa, popo wakubwa na ndege wa kila rangi, na wengine kuzama wakatazame matumbawe. Pwani nzima inaishi kwa hivyo visiwa. Mimi mwenyewe niliacha shule kidato cha pili, sikuweza kukaa kwenye dawati, sasa naendesha pikipiki za maji, nawapeleka wageni kupiga kelele. Dada, yaani binti wa baba mdogo, ndiye anayewaongoza wazamiaji. Baba mdogo anajaza hewa.

Ndiyo, hewa. Miaka ishirini na miwili yuko kwenye kibanda cha matofali nyuma ya ofisi, na kompresa, ile mashine ya kushindilia hewa, na pipa la maji la kupozea mitungi. Kuogelea hajui. Kisiwa hata kimoja hajawahi kukikanyaga. Vijana tunamtania, "Mzee Pumzi, wewe ni mpishi asiyekula." Anatujibu, "Na nyinyi mnakula msichokijua."

Kile kipimo cha kuonyesha kama hewa ni safi kiliharibika zamani. Kila mwaka meneja anasema kimeagizwa. Baba mdogo hajali, ana pua yake. Akimaliza kujaza mtungi anafungua vali kidogo, ananusa, anaandika namba kwa chaki. Mtungi usio na chaki haupandi botini. Na ile pua si mchezo. Ukipita kibandani umeonja pombe jana yake, anakwambia na ulikaa na nani.

Sasa asubuhi hiyo alikuwa amenusa mitungi yote kumi na miwili kama kawaida, akaandika chaki kwenye yote kumi na miwili. Amenusa kwa pua iliyokufa.

"Umeme ulikuwepo?" nikamuuliza, maana hilo ndilo lililonijia kwanza.

"Ulikatika," akasema. "Saba nimejaza kwa umeme. Mitano ya mwisho kwa injini ya dizeli." Akatazama dirishani, nguo za mama mdogo kwenye kamba zilikuwa zinapepea kuelekea baharini. "Upepo huo. Kila siku unatoka baharini, unapeleka moshi wa injini nyuma ya ukuta. Leo umegeuka. Moshi wote unarudi kwenye mpira wa kompresa wa kuvutia hewa."

Mama mdogo alisema neno moja tu: "Kimbieni."

Tulikimbia. Ni dakika tano kutoka kwao mpaka ofisini, tukazimaliza kwa mbili, baba mdogo na kandambili moja, nyingine iliishia njiani. Kibandani ulibaki mtungi namba kumi na mbili, ule wa akiba. Akaufungua, akanisukuma kichwa.

"Nusa wewe."

Nikanusa. Ilikuwa kama umesimama nyuma ya lori linalopanda mlima. Sikuwa na haja ya kumwambia, alisoma usoni kwangu.

Ofisini dada wa mapokezi alikuwa anapaka rangi kucha. Nikamwambia aite boti kwenye redio. Akaita. Redio ikakoroma tu.

"Wako nyuma ya kisiwa cha tatu," akasema. "Kile kilima kinazuia. Kuna shida?"

"Wanazama mara ngapi leo?"

"Mara mbili. Wageni wanne na dada yako. Ya kwanza washamaliza sasa, ya pili saa tano na nusu."

Nikatazama ukutani. Saa tano na dakika tano. Mitungi mitano mara ya kwanza, mitano mara ya pili, mmoja wa ziada. Kama wamefuata namba, mara ya kwanza walipumua hewa safi. Mara ya pili wawili watapumua hewa safi na watatu moshi. Na dada namjua, anawagawia wageni kwanza, yeye anachukua wa mwisho.

Nikachomoa ufunguo wa pikipiki ya maji ukutani. Dada wa mapokezi akapiga kelele kwamba sina ruhusa, leo si zamu yangu. Sikugeuka. Ninachokumbuka ni kwamba nilipofika kwenye maji, baba mdogo alikuwa ameshaingia mpaka kifuani, mzee asiyejua kuogelea, amevaa jaketi la kuokolea kinyume, spana yake ya kufungulia vali imechomoza mfukoni.

"Baki, baba mdogo. Nitawahi peke yangu."

"Oksijeni ya dharura ya botini utaifungua wewe? Vali yake ina ugonjwa, naijua mimi tu." Akapanda nyuma, akanikumbatia tumbo kwa nguvu mpaka nikakosa pumzi. "Twende, mwanangu. Usinitazame."

Nimeendesha ile mashine na watu wa kila aina. Wote huwa wanapiga kelele za raha. Baba mdogo hakutoa hata sauti. Tulipita kisiwa cha kwanza, mawimbi yanatupiga kama makofi, nahisi meno yake yanagongana kwenye bega langu. Kwenye kisiwa cha pili maji yanabadilika, yanakuwa meusi. Hapo akaanza kuhesabu kwa sauti ya chini, "nane, tisa, kumi, kumi na moja, kumi na mbili," akimaliza anarudia. Anahesabu mitungi yake. Nikatamani anyamaze. Kila akisema "kumi" namwona dada ameweka ule mpira mdomoni.

Wimbi moja likatuinua vibaya, mashine ikaanguka kiubavu, nikadhani nimempoteza. Nikapapasa nyuma. Yupo. Amening'inia kwenye mkanda wa jaketi langu, nusu yake ndani ya maji.

"Mafuta yanatosha?" akauliza, akitema maji.

Mshale ulikuwa kwenye nyekundu. Nikasema yanatosha.

Tulipozunguka kilima cha kisiwa cha tatu nikaiona boti imetia nanga, imetulia kabisa, na nahodha wao, tunamwita Bwana Taratibu, amekaa anamenya chungwa. Mtu mwingine hakuna.

"Wako wapi?" nikapiga kelele.

Bwana Taratibu akanyoosha kisu kuelekea majini. Mapovu. Mafungu matano ya mapovu, yanapanda taratibu.

"Wamezama saa ngapi?"

"Aa, kama dakika kumi hivi. Wameona kasa kwenye ile mara ya kwanza, wamefurahi wakataka wawahi. Mzee Pumzi! Na wewe leo umekuja kutalii?"

Baba mdogo alikuwa ameshavukia botini, nami nyuma yake. Alitambaa mpaka kwenye ngazi ya chuma nyuma ya boti, akalala kifudifudi, akatumbukiza mkono na spana ndani ya maji, akaanza kugonga. Kong, kong, kong. Hiyo ndiyo alama ya kuita wazamiaji, chini inasikika kama kengele ya shule. Alikuwa anagonga huku mawimbi yanamfunika uso, anaibuka, anakohoa, anagonga. Nikamshika miguu.

Mafungu ya mapovu yalikuwa matano. Nikatazama tena, manne.

Akaibuka kijana mmoja mgeni, halafu mwenzake, wazima, wanauliza kuna nini. Akaibuka wa tatu ameshika kichwa, akatapika akiwa bado majini. Halafu tukangoja. Baba mdogo alikuwa bado anagonga, ngozi ya vidole imechubuka, maji pale kwenye ngazi yameingia wekundu.

"Acha, baba mdogo, wamesikia."

"Mmoja hajasikia."

Kisha nikaona kitu cheupe chini ya boti, kinapanda polepole mno. Nywele. Mama mmoja wa makamo, mgeni, mwenye mvi, na dada nyuma yake amemkumbatia, amemshikilia mpira mdomoni. Tukamvuta yule mama. Midomo imekuwa na rangi ya ajabu, macho yako wazi lakini hayatazami kitu. Dada akakanyaga ngazi, hatua moja, ya pili, halafu akaanguka juu yangu na mtungi wake wote mgongoni. Chaki ilikuwa bado inasomeka. Kumi.

Botini kuna chupa moja ya oksijeni na barakoa moja. Baba mdogo akaiweka katikati, akagonga ile vali mgonjwa mara mbili, ikafunguka. Akashika barakoa. Upande huu amelala mgeni. Upande ule amelala binti yake, kichwa kwenye mapaja yangu, amefumba macho.

Mkono wake ukaenda kwa dada. Namlaumu nani? Hata mimi nilikuwa nimeshamwinua dada kichwa.

Dada akafumbua jicho moja. "Mgeni kwanza, baba," akasema. "Yeye kavuta huo moshi mwingi kuliko mimi. Mgeni kwanza."

Baba mdogo akamvalisha yule mama. Akahesabu pumzi zake kwa sauti, huku anamtazama binti yake, sio yule mama. Zile pumzi zilikuwa ndefu kuliko safari nzima. Bwana Taratibu aling'oa nanga, na siku hiyo wala hakwenda taratibu. Yule mama alipoanza kukohoa na kulia, ndipo barakoa ikahamia kwa dada. Alivuta hewa, akamtazama baba yake.

"Niliisikia ladha," akasema ndani ya barakoa. "Tangu juu kabla ya kuzama. Kama mafuta. Nikasema aa, ni mdomo wangu tu. Baba keshanusa."

Baba mdogo akageuka akatazama bahari. Sikuwahi kumwona akilia, na pale siwezi kusema alilia, maana alikuwa ameshalowa uso.

Zahanati iliwaweka mpaka jioni, dada na wageni wawili. Wote wakapona. Meneja akaja, akamvuta baba mdogo kwenye korido, nami nikasogea karibu makusudi.

"Sikiliza, mzee. Tutasema kompresa imeharibika ghafla. Mashine ni mashine. Hakuna atakayeuliza zaidi."

"Atakayeuliza ni mimi," baba mdogo akasema. Akaingia chumbani kwa yule mama mwenye mvi, na mguu mmoja peku, akamwambia dada atafsiri. "Mwambie nilikuwa na mafua. Mwambie nilijua nina mafua, nikaandika chaki hivyo hivyo, kwa mazoea. Na mwambie kipimo hatuna."

Yule mama alisikiliza. Hakumshika mkono, wala hakumsamehe palepale. Aliuliza swali moja, dada akalitafsiri kwa sauti ndogo: "Anauliza, kesho nani atajaza?"

Meneja alikuwa mlangoni. Baba mdogo akamgeukia na kumkabidhi ufunguo wa kibanda. "Hajazi mtu mpaka kipimo kiwe ukutani. Ukimweka mwingine, nitakaa mlangoni na kila mgeni anayepita nitamweleza."

Siku ya tatu pua yake ikafunguka. Tulikuwa nyumbani kwao, dada amejifunika shuka kwenye lile kochi, na mama mdogo anamfanyia baba mdogo mtihani: amemfumba macho kwa kitambaa, anampitishia vitu puani.

"Hiki?"

"Sabuni."

"Hiki?"

"Kitunguu."

"Na hiki?"

Baba mdogo akanusa, akanusa tena. "Sufuria yangu ya maharage."

"Yangu! Umeiunguza wewe, lakini ni yangu. Na bado haijasuguliwa."

Dada akacheka mpaka akashika kichwa, bado kilikuwa kinamuuma. "Kipimo kikija nitazama, baba," akasema. "Lakini mtungi wangu ujaze wewe."

Baba mdogo alivua kitambaa, akainuka, akavaa kandambili mpya.

"Unakwenda wapi sasa?" mama mdogo akauliza.

"Mtungi namba kumi na mbili bado umejaa," akasema. "Nachukua ufunguo kwa meneja, nikaumwage mahali ambapo hapiti mtu."

"Sufuria je?"

Alikuwa ameshafika barabarani.