Maji ya Sabuni kwenye Breki

Asije mtu hapa akaniambia ni uchovu wa uzazi. Nilikuwa na akili zangu zote, kidato cha nne nimemaliza, na ilikuwa alasiri, siyo usiku wa manane. Niliyoyaona kwenye mteremko wa Nkoaranga niliyaona kwa macho haya haya.

Tulikuwa tumempeleka mwanangu Neema, hajaanza hata kutambaa, akaonwe na bibi yake. Wakati wa kurudi nyumbani Olasiti ukungu ukashuka toka mlimani mpaka migomba haionekani. Mume wangu, fundi magari, alikuwa anaendesha pikapu yake kuukuu. Akakanyaga breki, pedali ikazama mpaka chini. Akalisugua gari ubavuni kwenye ukingo wa shamba la kahawa mpaka likasimama, pua imeelekea bondeni. Nilimtukana, sifichi.

Mnajua alikuwa anaweka nini kwenye kichupa cha breki? Maji ya sabuni! Zamani, mafuta ya breki yalipokuwa hayapatikani, mafundi wengi walifanya hivyo. Lakini hii ilikuwa miaka ya ruksa, biashara imefunguliwa, maduka ya mjini yamejaa spea. Yeye bado na sabuni yake.

Hapo akatokea mtu kwenye kahawa, ovaroli imelowa, uso umefichwa na ukungu, bisibisi mkononi. Hata salamu hakutoa. "Weka mawe kwenye matairi. Toa gia, nizungushe gurudumu."

Mume wangu akaweka mawe. Yule mtu akapiga jeki nyuma, akaingiza bisibisi kwenye tundu la dramu, akawa anakaza viatu vya breki huku anazungusha gurudumu na kusikiliza linavyokwaruza. Akashusha jeki. "Sasa tutoe upepo kwenye breki. Shemeji, panda upampu pedali."

Nikamlaza Neema kwenye kiti, pembeni yangu. Kazi hiyo ni ya watu wawili: wa juu anakanyaga, wa chini anafungua nati, upepo unatoka.

"Pampu. Pampu. Shika! Usiachie."

Nikashika. Huko chini nikasikia anacheka.

"Povu. Kumbe bado unaweka sabuni, wewe?"

Mume wangu, kaegemea mlango, akajibu kwa jeuri, "Sabuni haijaua mtu."

"Mimi iliniua."

Mume wangu akainama kuchungulia. Alipoinuka, midomo ilikuwa imemkauka. "Zakayo?" Jina nilikuwa nalisikia tu. Zakayo alikuwa fundi mwenzake, akafa kwenye mteremko huo huo kabla hatujaoana, ndani ya gari ambalo breki zake alizitengeneza mume wangu.

Unadhani mume wangu alinifungulia mlango? Alimnyakua mtoto? Thubutu! Alikimbia, kiatu kimoja kikabaki kwenye tope.

"Shemeji," sauti ikasema chini ya miguu yangu, taratibu kabisa, "mawe nimeshatoa. Ukiachia, mnakwenda."

Breki ya mkono ilishakufa zamani. Kuendesha sijui. Nikamlilia, "Kaka, nakuomba, mtoto huyu hana kosa."

"Na wangu niliowaacha yatima walikuwa na kosa gani?" Akacheka tena. "Kanyaga tu, itashika. Ndivyo mumeo alivyoniambia."

Na pedali ikaanza kuzama chini ya unyayo wangu. Nilikanyaga kwa miguu yote miwili, inazama tu. Gari likaanza kusogea. Nikamshika Neema nguo za kifuani, nikamtupa dirishani. Ndiyo, nilimtupa mwanangu kwenye kahawa kama furushi. Gari likaondoka na mimi.

Walionitoa korongoni hawakukuta mtu mwingine. Mawe waliyakuta juu, yamepangwa vizuri kando ya barabara. Neema alivunjika mkono, ukaunga umepinda. Mguu wangu wa kulia haukunjiki tena. Mume wangu alikuja hospitali kesho yake, na swali lake la kwanza, niamini, lilikuwa hili: "Gari limeharibika sana?"

Nilimwacha. Sasa ana pikapu nyingine, anabeba watu wa kijiji cha Kikwe kwenda sokoni, wanapanda na watoto wao mgongoni.

Kwa hiyo wewe unayesoma, kabla hujapanda gari kuukuu, mwambie dereva afungue kichupa cha breki mbele ya macho yako. Ukiona povu, shuka, hata kama mvua inanyesha. Wala usijidanganye kwamba huna ugomvi na marehemu. Mimi sikuwa nao.