Vitonge Nilivyopeleka Sigor

Kwetu mama hali kwa mkwe wake. Halali hapo, hampi mkwe mkono, na kile chumba anacholala binti yake na mumewe hakioni hata kwa bahati mbaya. Nilizaliwa milima ya Kisii, nikaletwa Kericho na majani chai kama wengi wetu, na njiani niliacha mambo mengi. Hata nyimbo za kwetu zingine nimezisahau. Hilo la mkwe sikuliacha. Nikimwona kijana wa watu anakuja njia hii, napita ile nyingine, na kama hakuna nyingine naingia kwenye shamba la chai la jirani nijifanye natafuta kuni.

Binti yangu ameolewa Sigor, kule Chepalungu, kwa Wakipsigis. Wao pia wana heshima zao, lakini hawakimbiani namna hiyo. Siku ya kwanza kijana yule kuniona alininyooshea mkono, nami nikauangalia kama mtu aliyeonyeshwa nyoka. Binti yangu alicheka mpaka akakaa chini kwenye nyasi. Baadaye alimweleza kwamba kwetu kuna mambo ya kufanywa kwanza kabla mkono wa mama mkwe haujaguswa, na mambo hayo yalikuwa hayajafanywa. Tangu hapo alikuwa akinisalimia kutoka mbali akitazama pembeni, nami nikawa namwona ana adabu sana.

Vitonge vya tende alinifundisha huyo binti kabla hajaolewa. Alikuwa ameviona kwenye simu. Akaja Jumapili moja baada ya kanisa na mfuko wa tende kutoka duka la karibu na msikiti, akasema leo tunatengeneza kitu kitamu bila ovena na bila moto. Nikamuuliza kama unga wa mandazi umeisha nchini. Ovena hatuna, hilo ni kweli. Keki ya Krismasi tunaioka kwenye sufuria na makaa juu ya mfuniko, na kila mwaka chini inaungua. Lakini hilo la bila moto lilikuwa uongo. Njugu lazima uzikaange kwanza, uzisugue zitoke maganda, uzipepete kwenye uteo, ndipo uzitwange. Nilimwambia hivyo na akanijibu kwamba nikishazikaanga kazi ya moto imekwisha, nisitafute maneno.

Kazi yenyewe si ngumu, ila inataka mtu asiye na haraka. Tende unazitoa kokwa na kuzilowesha kidogo tu kwenye maji moto. Zikilowa sana, umekwisha. Unazitwanga mpaka zishikane, unaongeza njugu, zabibu kavu, simsim kidogo, na makadamia kama jirani amekuachia uokote chini ya mti wake. Zile unazivunja kwa jiwe mlangoni huku ukimlaani aliyeziumba na ganda lile. Mwisho unaweka nanasi kavu. Nanasi ndilo alilolipenda binti yangu kuliko vyote, na kwetu huwezi kulikausha, kwa sababu mvua ya mchana huja hata kama haikualikwa. Rafiki yangu wa kanisani alihamia Soin, chini kule kwenye joto, na ndiye huanika vipande juu ya paa la kibanda chake cha kuku, akavifunika na chandarua, akaniletea. Kisha unapaka samli viganjani na kuviringa. Kitonge kikiwa tayari unakibonyeza na kidole. Alama ikibaki na kidole kisinate, basi.

Alipokuwa mjamzito, hicho ndicho chakula alichokipenda. Nilikuwa namtumia kwenye kopo kupitia kwa watu wanaoenda upande wa Bomet, na kopo likirudi likiwa limeoshwa najua ameshavimaliza.

Akajifungua. Siku chache baada ya kutoka hospitali, mkwe wangu alinipigia simu mwenyewe. Hajawahi kunipigia. Nilipoisikia sauti yake niliishika simu mbali na sikio, kwa mikono miwili. Aliongea haraka, bila zile salamu ndefu. Mtoto ni mzima, akasema, lakini mama yake hali. Uji anaurudisha, mursik, yale maziwa yao ya kibuyu, anairudisha, analala akiangalia ukuta, na maziwa yanatoka kidogo sana. Mtoto analia kutwa. Mama yake kijana alifariki zamani na pale bomani hapana mwanamke mwingine. Jirani mmoja ndiye alikuwa anakuja kumwogesha mtoto na kurudi kwake. Kitu kimoja tu binti yangu alikuwa amekitaja kwa kinywa chake, vile vitonge.

Mama mwingine angefunga nguo zake aende akae mwezi mzima. Mimi nilikaa jikoni nikitwanga njugu na kupiga hesabu ya jinsi ya kumsaidia mwanangu bila kukanyaga nyumba ya mkwe. Na nilijiona mjanja, afadhali niseme ukweli. Ningeenda kumpikia, ningelazimika kusimama kwenye moto wa mkwe wangu, nishike sufuria zake na mwiko wake. Lakini chakula hiki hakipikwi. Ningefika mlangoni, nikabidhi ndoo, niletewe mtoto nje nimwone, nirudi Kericho kabla ya giza. Nilijaza ndoo ndogo ya plastiki, nikafunga mfuniko, nikafunga na leso juu.

Sigor nilifika nikiwa nyuma ya bodaboda, ndoo imebanwa katikati yangu na yule dereva, na barabara ile haikutuhurumia. Mkwe wangu alikuwa uani. Alinikaribisha ndani akiangalia mti. Nikamjibu nikiangalia ng'ombe kwamba nitakaa hapa hapa nje, kwenye benchi chini ya paa. Akaleta chai. Nikamwambia nimeshiba. Sikuwa nimekula tangu asubuhi, na harufu ya ile chai ilinifikia vizuri, maziwa mengi, majani ya kutosha. Kikombe kikapoa hapo kando yangu mpaka kikafanya ngozi juu.

Nikafungua ndoo. Vitonge vyangu vyote, vile nilivyovipanga safu kwa safu asubuhi ile, vilikuwa vimekuwa donge moja kubwa lenye umbo la ndoo.

Niliona aibu mpaka nikaufunga mfuniko tena, kana kwamba mkwe wangu hakuona. Alikuwa ameona. Na ndani mtoto akaanza kulia. Nikatega sikio nisikie mama yake akimbembeleza, maana hata mwanamke mgonjwa husema shh. Sikusikia shh. Mtoto alilia, akachoka, akanyamaza mwenyewe.

Mkwe wangu alikunja mikono ya shati. Alikwenda akaleta beseni, akanawa mikono kwa sabuni hadi kwenye viwiko, akakaa mwisho kabisa wa benchi akinipa mgongo nusu. Akachukua ndoo, akalipindua lile donge kwenye beseni, akaanza kuviringa. Sijui alikuwa ameona wapi vinavyoviringwa, pengine kwa mke wake. Alichokitoa cha kwanza kilikuwa kikubwa kama kiazi. Cha pili kilinata kwenye vidole akakikwangua na kuanza upya. Mimi ni mtu ambaye nikiona kazi inaharibiwa, ulimi wangu hauna breki. Niliuma midomo. Kisha nikaona siwezi, nikamwambia kuku aliyekuwa akitembea pale mbele yangu:

"Mtu akipaka samli kidogo mkononi havitanata."

Aliinuka, akaleta samli kwenye kikombe. Nikamweleza kuku kwamba vikiwa vikubwa hivyo mgonjwa ataogopa hata kuviangalia. Vikapungua, vikawa viazi vidogo. Nikamweleza kuku kwamba unatumia kiganja, si vidole. Kuku akaondoka zake. Upepo ulikuwa unavuma, na mchanganyiko ule ukikaa wazi kwenye upepo unakauka juu, unaanza kupasuka, na ukishapasuka hauviringiki tena. Niliona unaanza kupasuka. Vilikuwa chakula cha pekee alichokiomba mwanangu, na vilikuwa vinaharibika mbele ya macho yangu huku nimekunja mikono.

Nikapaka samli na kutia mkono kwenye beseni.

Sikukusudia kumgusa. Lakini beseni lilikuwa dogo, naye alikuwa akichota wakati ule ule, na vidole vyetu vikagusana katikati ya tende. Vyote vina mafuta. Mwili wangu wote ulishtuka, nikahisi damu inapanda kutoka shingoni hadi kwenye nywele. Nilimfikiria marehemu mama yangu. Nilifikiria wanawake wa kwetu wote walionitangulia, waliojificha nyuma ya mahindi ili wasikutane na wakwe zao, na mimi hapa nachota na wangu beseni moja kama watoto wanaocheza matope. Yeye alikuwa amefumba macho. Nakumbuka hilo, alifumba macho kabisa, na mikono ikaendelea kuviringa. Kwa hiyo nami nikaendelea. Maji ukiyavulia nguo sharti uyaoge. Tukaviringa vyote, mimi vidogo, yeye vikubwa, wala hakuna aliyemwangalia mwenzake.

Akavitia kwenye sahani na kuingia navyo ndani. Nyumba ni ya mbao, na mbao hazifichi siri, kwa hiyo nilimsikia binti yangu akiuliza kwa sauti ya chini:

"Hizi kubwa ni zako. Hizi ndogo ni za nani?"

Kisha binti yangu akapaza sauti, na ilinibidi nishike benchi, kwa jinsi ilivyokuwa dhaifu:

"Mama, mikono yako imeshaingia huku. Wewe umebaki hapo nje ukifanya nini?"

Nilikaa. Nataka kusema niliinuka mara moja, lakini nilikaa. Mkwe wangu akatoka, akapita mbali na benchi, akachukua ndoo ya maziwa na kwenda kwa ng'ombe, upande wa pili wa ua, ili nyumba ibaki bila mwenyewe. Nilielewa kwamba ananipisha, na kupishwa na kijana mdogo namna ile kuliniongezea haya. Wazee husema mficha uchi hazai. Nikavua viatu, nikaingia.

Nilipita sebuleni nikiangalia sakafu. Pazia la chumba nililifungua kwa kiwiko kwa sababu mikono yangu ilikuwa bado na samli. Suruali ya mkwe wangu ilikuwa imetundikwa msumarini. Kitanda chao nilikiona chote, na blanketi lake, na mto wake, vitu ambavyo sikupaswa kujua vina rangi gani. Binti yangu alikuwa ameegemea ukuta, nywele hazijasukwa, sahani iko mapajani na hajagusa hata kimoja. Mtoto alikuwa amelazwa kando, mbali naye kidogo, amefungwa vizuri kama mzigo wa mtu mwingine.

Nikamwambia kula mwanangu, nimeleta lile nanasi la Soin. Akatikisa kichwa. Machozi yakaanza kumtoka bila sauti.

"Mama, huyu mtoto simsikii moyoni," akasema. "Watu wanakuja wananiuliza kama niko na furaha, nasema ndiyo. Sisikii kitu. Naona aibu hata kumwangalia."

Nilisimama pale. Mimi nilidhani ni njaa. Nilikuwa nimetwanga na kupepeta na kujisifu kwa chakula kisichohitaji moto wa mkwe, na kumbe mwanangu amebeba neno ambalo hawezi kulisema kwenye simu, wala kwa jirani, wala kwa mumewe, na ambalo nisingelisikia nikiwa pale kwenye benchi hata ningekaa wiki. Aibu yangu na yake zilikutana chumbani mle, na yangu ikawa ndogo sana, nikaionea aibu yenyewe. Dirisha lilikuwa wazi. Huko nje sauti ya maziwa yakiingia ndooni ilikuwa imekoma, na nilijua mkwe wangu amesikia kila kitu.

Nilifuta mikono kwenye leso.

"Basi nipe nimpende mimi kwanza," nikamwambia. "Wewe kula. Utatukuta."

Alinitazama muda mrefu. Kisha akaingiza mikono chini ya mtoto, akamnyanyua, akaniletea. Nikakaa juu ya kitanda cha mkwe wangu, masikio yakinichoma, nikampokea. Alikuwa mwepesi kuliko nilivyodhani, na alinuka maziwa. Binti yangu alichukua kitonge, kimoja cha vile vikubwa, akakiangalia pande zote, akaanza kutafuna.