Bomba la Jikoni kwa Hajati

Hii aibu nimeificha miaka mingi, hata dada zangu wa Busiu hawaijui, lakini leo mmenibana, basi sikilizeni, na mkicheka chekeni polepole.

Miaka ile ya tisini mume wangu Opio alikuwa askari wa magereza Jinja, tukikaa kota, nyumba za serikali, chumba kimoja na pazia katikati, watoto upande huu sisi upande ule, na maji tunachota kwenye bomba moja la nje ambalo wake za maafande wote waligombania tangu alfajiri (mimi niliwahi kuvutana jerikeni na mke wa mkubwa wake Opio, lakini hiyo ni aibu nyingine). Opio alikaribia kustaafu, na ukistaafu kota unaiacha, kwa hiyo tuliposikia Hajati Mariamu, mjane mmoja wa Mbale, anauza nyumba yake Nabuyonga, tukavaa nguo za kanisani tukapanda basi. Njiani Opio akaniambia, "Mama Achieng, leo tukae tu. Tusiguse kitu cha watu." Nikamjibu mimi si mtoto.

Tulikuta mwalimu mmoja na mke wake wametutangulia, nao wanaitaka nyumba, wametulia kwenye makochi. Hajati akatukaribisha vizuri, akasema, "Afande, mama, kaeni kwanza. Naswali adhuhuri, halafu nitawaonyesha vyumba vyote."

Ningekaa tu, si ndiyo? Lakini mlango wa jikoni ulikuwa wazi, na pale nilipokaa niliona pembe ya sinki, nyeupe, chini ya dirisha, na mimi maisha yangu yote sikuwahi kupika penye bomba ndani ya nyumba. Nikasema naenda kunywa maji (uongo), nikaingia.

Dirisha lilitazama mlima. Nikasimama pale nikapanga sufuria zangu kwa macho, hii hapa, ile pale, nikawaona binti zangu wanaosha vyombo wamesimama wima, hawainami kwenye karai nje kwenye matope. Nikafungua bomba nisikie tu maji yanavyoshuka. Likakohoa, likanyamaza, maji yalikuwa yamekatika. Nikalizungusha tena, kwa upande gani sijui mpaka leo, nikarudi kukaa kama mtu mwenye adabu.

Hajati alipomaliza akatupeleka vyumba vya kulala, akitueleza nani alizaliwa wapi, na mimi nikasikia maji yanatiririka mahali, nikafikiri jirani anafua, nikamwonea wivu.

Tuliporudi sebuleni zulia lilikuwa linaelea. Kitambaa cha vyombo kilikuwa kimeziba tundu la sinki, maji yamejaa, yamemwagika, yamelowesha gunia la mchele wa hitima ya marehemu mume wake, yakafika hadi kwenye mkeka wa kuswalia. Mke wa mwalimu akainua gauni lake, akauliza taratibu, "Si mama huyu ndiye alikwenda kunywa maji?"

Opio akatazama ukuta. Mimi nikapiga magoti na gomesi yangu, gauni langu la Jumapili, nikaanza kukausha, nikiomba radhi kwa Kiswahili, kwa Lumasaba, kwa kila lugha niliyokuwa nayo. Hajati hakunigombeza, na hilo ndilo lililoniumiza. Alinipa kitambaa kingine, akasema, "Ungeniambia, mama, ningeanza na jikoni. Sisi wote tunaanza na jikoni."

Basi nikapangusa sebule, nikapangusa jikoni, na jikoni nilikawia, kona moja moja, kama mtu anayesafisha kwake, mpaka akaja akanigusa bega. "Imekauka, mama. Inatosha."

Nyumba akaichukua mwalimu. Kwenye basi Opio aligeukia dirishani, tukapita Busiu, tukapita Tororo, hasira yote iko kwenye shingo yake, halafu akauliza bila kunitazama, "Na hilo jiko, lilikuwaje?" Nikamweleza dirisha, rafu, sinki, na akaniuliza sufuria kubwa ningeiweka wapi, nikamweleza, tukaendelea hivyo mpaka Jinja.

Tangu siku ile nikienda kuona nyumba ya mtu nakaa nilipoonyeshwa, hata kikombe sisogezi mpaka mwenyewe aseme. Ila jikoni naomba nionyeshwe mapema, kabla sijakaa.