Siku Karani na Nyapara Walipochezeshwa Uwanja Mmoja

Mjini Bariadi wapo wanaopangisha nyumba za bati, wapo wanaopangisha za vigae, na yupo Felisita binti Joakim, mzaliwa wa Nkoma, ambaye vyumba vyake havina ukuta wala mlango, na wapangaji wake hawajawahi kugombania choo. Felisita anapangisha nafasi za tovuti. Shule ikitaka kujionyesha mtandaoni, au fundi cherehani akitaka mashati yake yaonekane mpaka Mwanza, anakwenda kwake, naye anampa kachumba ndani ya mashine kubwa iitwayo seva, aliyoikodi Dar es Salaam. Seva hiyo hailali. Siku ya kwanza alipowapigia simu wanaoilinda, ngurumo yake ilipita simuni ikatoka dirishani, na mbuzi wa jirani wakavunja zizi wakakimbilia barabara ya Lamadi. Wengine hawajarudi.

Kazi hiyo anaifanya na mumewe, Anatoli, katika chumba kimoja nyuma ya duka la mbegu na dawa za mifugo. Mume anachunga mashine, mke anachunga wateja. Nyumba yao ina amani ya kutosha kuwagawia majirani, ila kwa jambo moja tu. Felisita alizaliwa kwa Bagika, Anatoli kwa Bagalu.

Asiyejua Usukuma aambiwe. Hizo ni pande mbili za wacheza ngoma, na tangu enzi za mababu, pamba na mahindi vikishatoka shambani, hushindana kwenye mbina, uwanja mmoja, saa ileile, huku Bagika na kule Bagalu. Hakuna jaji anayekaa mezani. Jaji ni watu. Jua likizama, upande wenye umati ndio ulioshinda, na upande wa pili unarudi nyumbani ukipiga chafya za vumbi. Babu yake Felisita alicheza na fisi akiwa amemfunga kamba shingoni, akacheza, akacheza, mpaka fisi mwenyewe akaketi chini akaomba maji ya kunywa. Alipewa kwenye kibuyu, akashukuru.

Sasa, shida ilianza walipotembelewa na Mzee Limbu, mwenyekiti wa muungano wa vyama vya wakulima wa pamba.

"Mwadila, mayu," alimsalimu Kisukuma, yaani umeshindaje, mama.

"Mwadila, baba. Karibu uketi."

Mzee Limbu aliketi, kofia akaiweka gotini. Alitaka kila chama cha msingi, kuanzia Lingeka mpaka Bukundi, kiwe na tovuti yake: bei ya pamba ionekane, siku za kupima zijulikane, mkulima asitembee bure na mzigo kichwani.

"Kazi ningewapa leo," alisema. "Lakini wajumbe wangu wanataka iende Mwanza. Wanasema nyinyi mnafanya mambo kwa mkono kama mtu anayepalilia."

Na ni kweli. Bili za wateja aliziandika mwenyewe simuni, moja moja, mpaka kidole gumba kikaota sugu kama kisigino. Anatoli naye aliichunguza mashine kwa macho. Juzi tu walimkatia mteja aliyelipa, wakamwacha asiyelipa akipeta.

"Tafuteni chombo kinachotunza bili na mashine pamoja," alisema Mzee Limbu. "Mkikipata kilicho imara, nitasimama mbele ya wajumbe. Mkikosa, Mwanza wanakula."

Kazi hiyo ilikuwa ndiyo ya kuwainua, na bila hiyo wangebaki wakivaa viraka mpaka uzeeni.

Walitafuta programu, wakapata nyingi kuliko kunguni wa gesti, wakazichuja zikabaki mbili. Ya kwanza Felisita aliipenda kama mtu anavyopenda kanga mpya. Ilikuwa na rangi, ilikuwa na vichoro vinavyopanda na kushuka, bili yake ilitoka kwa mbwembwe na jina la mteja juu kwa herufi za dhahabu. Akaipa jina la Karani. Ya pili Anatoli aliing'ang'ania. Uso wake ulikuwa wa kijivu kama bati la zamani, bili yake kavu kama risiti ya maji, lakini iliijua mashine ndani nje: inajua imebeba nini, imechoka wapi, nafasi imebaki kiasi gani. Hiyo ikaitwa Nyapara.

"Baba Mhoja, hicho kitu chako kina sura ya mdaiwa," alisema Felisita.

"Na cha kwako kina sura ya bibi harusi, Mama Mhoja. Lakini bibi harusi hapalilii siku ya harusi."

"Wateja wanataka kupendezwa!"

"Wateja wanataka tovuti ifunguke."

Walibishana wakila, walibishana wakifua. Ugali ulipoa ukawa mgumu, wakaukata kwa msumeno. Mzee Limbu alipopita kuulizia akawakuta bado wanarushiana maneno, akacheka mpaka kofia ikaanguka.

"Kumbe mke ni Mgika na mume ni Mgalu, halafu mnabishana chumbani kama wezi? Leteni uwanjani! Jumamosi wanachama wana mkutano kwenye ghala letu. Chezesheni vyote viwili, huku na kule. Jua likishuka tutaona watu wako wapi, na wajumbe wataona kwa macho yao."

Anatoli akamnyooshea mkewe mkono. "Atakayeshindwa atambebea mwenzake ngoma siku ya mbina, kutoka nyumbani mpaka uwanjani, watu wakimwona."

"Anza kufanya mazoezi ya shingo," alijibu Felisita, akaupiga mkono ule.

Basi Anatoli alikata kutoka kwenye seva vipande viwili vidogo vya majaribio, sawasawa, kila kimoja cha kutosha tovuti chache tu, kama mtu anayegawa shamba kwa kamba. Kimoja akampa Karani, kimoja Nyapara. Mtu yeyote mwenye simu angeweza kujiandikisha upande anaoupenda na kupewa tovuti ndogo palepale.

Jumamosi uwanja wa ghala ulifurika. Walikuja na baiskeli, walikuja na pikipiki, na inasemekana mzee mmoja wa Bukundi alikuja amepanda kimbunga cha vumbi akakifunga nje ya geti. Felisita alivaa shanga za bibi yake, akafungulia spika, akaiweka kompyuta yake juu ya magunia ili rangi za Karani zionekane mpaka barabarani.

"Njooni kwa Karani, jamani! Andika jina, pata tovuti! Bila foleni, bila maswali!"

Upande wa pili Anatoli alikuwa amekaa kwenye kiti, kimya, kama anayeuza chumvi.

"Mimi sina biashara, mayu," alisema mama mmoja aitwaye Winnie. "Nitaweka nini humo?"

"Una ng'ombe?"

"Ninaye dume mmoja, jeuri."

"Mweke huyo!"

Weee! Hapo ndipo moto uliposhika. Kumwambia Msukuma amsifie ng'ombe wake mbele ya watu ni kumwagia mafuta ya taa kwenye jiko. Watu walipiga picha madume yao kuanzia pembe mpaka mkia. Waliokuja bila ng'ombe walipigia simu nyumbani ng'ombe aogeshwe apigwe picha. Mzee Limbu mwenyewe, mwenyekiti mzima, alisahau ukubwa wake akamwandikisha dume wake Radi, mwenye nundu ambayo, kwa maneno yake, ndege hutua juu yake wakidhani ni mlima.

Wachache waliotangatanga kwa Anatoli walirudi wamenuna.

"Nimekataliwa!" alilalamika mmoja. "Kile kijivu kimeniambia, 'Samahani, mashine imekaribia kujaa, subiri nafasi iongezwe.' Mimi nisubiri? Mimi?"

"Njoo huku, kaka, kwetu hakuna kusubiri!" Felisita alimpungia mikono. Akamtupia mumewe jicho. Upande wa Anatoli walikuwa wamebaki mbwa wawili, na mmoja alikuwa amelala. "Baba Mhoja, shingo inaendeleaje?"

Anatoli alitabasamu tu. Tabasamu hilo lilimkera Felisita kuliko tusi.

Jua lilikuwa limeanza kuinama pale Mzee Limbu alipoinua simu. "Mwanangu, Radi hafunguki."

"Subiri kidogo, baba. Ni mtandao."

"Na wangu hafunguki," alisema Winnie. "Alikuwepo, nikaona pembe moja, kisha akapotea."

Felisita aliitazama kompyuta. Vichoro vya Karani vilikuwa bado vinapanda kwa furaha, rangi zinacheza, wateja wapya wanaingia. Akafungua kipande cha mashine chenyewe kwa ile njia ya zamani ya Anatoli, ya kuchungulia kwa macho. Kilikuwa kimejaa zamani sana, kimelala chali. Karani hakuwa na habari. Alikuwa anagawa kiwanja kilekile kwa watu wote, kama dalali wa viwanja mwenye haraka.

Ndipo simu za uwanja mzima zikalia kwa pamoja. Ting! Ting! Ting! Ilikuwa bili. Bili nzuri, ya herufi za dhahabu: Mpendwa mteja, tafadhali lipia tovuti ya Radi kabla ya mwisho wa mwezi.

Watu walisoma, wakasoma tena. Kisha Winnie akapaza sauti:

"Jamani! Huyu Karani anakamua ng'ombe aliyekufa!"

Kicheko kilichopasuka hapo kiliinua bati moja la ghala, likatua Itilima. Lakini wajumbe hawakucheka. Felisita aliwaona wakinong'onezana, na mmoja aliyekaa karibu na mlango akasema "Mwanza" bila kujificha. Mzee Limbu alikuwa ameshika kofia yake kwa mikono miwili kama mtu aliye msibani.

Felisita angeweza kusingizia bando. Angeweza kulaumu umeme, maana umeme haukati rufaa. Shanga za bibi yake zilikuwa zinamwasha shingoni. Akazima spika.

"Wazazi wangu," alisema, "Karani anajua kudai tu. Hajui anachokipangisha kama kipo au kimekufa. Mimi nilipenda rangi. Nifuateni."

Akashuka kwenye magunia, akavuka uwanja mbele ya watu wote, akaenda kusimama upande wa mumewe. Tangu ngoma ziwambwe haijasikika Mgika kuhamisha umati wake kwa mikono yake kuupeleka kwa Bagalu. Wazee wawili walifumba macho wasione.

"Karibu kwangu, mke wangu," alisema Anatoli. "Usiwakanyage mbwa."

"Nyamaza, ongeza nafasi."

Anatoli alibonyeza. Nyapara akachukua nafasi zaidi kwenye seva, akaita waliokuwa wakisubiri mmoja baada ya mwingine, na kila aliyeitwa tovuti yake ilifunguka kwato, mkia na nundu. Watu wakavuka wote. Radi aliingia na pembe zake mbili. Mjumbe wa karibu na mlango alijaribu kumfungua mara tatu, akitumaini atakwama. Hakukwama.

"Na bili?" aliuliza. "Sisi pesa tunaiona msimu wa pamba. Huyo anadai kila mwezi?"

"Karani hakubali ila mwezi," alijibu Felisita kabla ya mumewe. "Huyu unampangia siku unayotaka, hata baada ya mauzo. Ila anaandika kama askari. Hayo maneno ya bili nitayaandika mimi, yawe na salamu ndani yake."

Mzee Limbu aliwageukia wajumbe. "Mmeona chombo kilichoanguka na mmeona kilichosimama. Na mmemwona mwenye kile kilichoanguka akisema kimeanguka. Huko Mwanza mtaambiwa?"

Mjumbe yule alikuna kidevu. "Wapeni," alisema. "Lakini mimi pia namtaka dume wangu aingie humo."

Siku ya mbina ilipofika, Felisita aliibeba ngoma ya Bagalu kichwani, kutoka nyumbani mpaka uwanjani, watu wakishangilia njia nzima. Ngoma ilikuwa nzito mpaka nyayo zake ziliacha mashimo barabarani, na masika yaliyofuata bata waliogelea humo.

"Shingo inaendeleaje, Mama Mhoja?" Anatoli alimuuliza, akitembea nyuma yake bila mzigo, mikono mfukoni.

"Shingo nzima. Kesho ukanisaidie kumpanulia Radi chumba. Kimekuwa kidogo."

Hakuwa anatania. Watu wa Bukundi walikuwa wamemwona dume huyo mtandaoni wakaleta mitamba wao wapandwe, na foleni ya ng'ombe ikaanzia kwa Mzee Limbu ikaishia nje ya mji. Ndiyo sababu pamba ilipouzwa, bili ya kwanza kulipwa ilikuwa ya Radi. Felisita alikuwa hajamaliza kuiandika hata salamu.