Benchi la Mbele la Meli ya Moba

Siku ile haijanitoka, mwanangu, na hata leo nikiikumbuka siwezi kukaa nikatulia. Kalemie, mji wetu wa kando ya ziwa, ilikuwa bado inaitwa Albertville, enzi za ukoloni. Nilikuwa msichana wa miaka kumi na mitano, nikijifunza kushona kwa mama yangu mkubwa, Mama Veronika. Cherehani zake tatu zilivalisha nusu ya mji, wake za wazungu wakiwemo.

Tulikuwa tunapeleka Moba nguo za watoto wa komunyo ya kwanza kanisani. Kwenye meli, benchi la mbele lenye kivuli lilikuwa la wazungu peke yao. Sisi tulikaa nyuma, juani, pamoja na mbuzi. Asubuhi ile Mama Veronika akaenda akaketi mbele. Nikaketi kando yake.

Karani, mweusi mwenzetu, akaja mbio. "Mama, usinitafutie mambo. Hapa njo pa wazungu."

"Nawashonea, viuno vyao vyote nimevipima. Hakuna mwenye kiuno cha kujaza benchi hili peke yake. Sitoki."

Polisi wakaitwa. Mmoja akaninyooshea fimbo: "Na wewe, uko naye?"

"Hapana, Papa. Simjui."

Ndiyo, mwanangu, nilisema hivyo. Wakamshusha wakimvuta mkono, kilemba kikaanguka bandarini. Hakugeuka kunitazama. Wahenga husema kwa mwoga huenda kicheko, kwa shujaa huenda kilio. Mimi mwoga sikucheka. Nikahamia nyuma juani, nikazifikisha nguo Moba peke yangu.

Alifungwa juma zima. Alipotoka aliniuliza tu: "Nguo zilifika?"

"Zilifika, Mama."

"Na wewe, ulifika?"



Wake za wazungu wakamkimbia. Safari iliyofuata akaketi palepale, wakamshusha tena. Ya tatu nikaketi naye, na wauza samaki wanne wakatufuata. Karani akatutazama, akatazama ziwa, akaenda zake. Hatukuinuliwa tena. Mafundi wengi wa kike unaowaona sokoni leo walifundishwa na wasichana wake, na kila mmoja alisimuliwa habari hii kabla ya kushika sindano.

Wazungu wale waliondoka. Lakini nawasikia ninyi vijana mkisema: huyu ni wa kuja, asikae na sisi. Hapo roho yangu inahangaika upya. Mwanangu, ukiona muntu anafukuzwa kwa ngozi yake au kabila lake, usiseme humjui. Kaa naye, hata ukitetemeka. Heri kufa macho kuliko kufa moyo.

Mungu akulinde njiani, akupe kinywa kisichomkana ndugu, na uzao wako ustawi katika nchi hii.